Mtafute wakili kabla hujatia dole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowapotezea watu mashamba na nyumba Unguja na Pemba: wakili hutafutwa siku ya mwisho. Mtu hununua, huuza, huweka rehani, hutia dole gumba mbele ya mashahidi, kisha ndipo anauliza karatasi ile imesema nini. Hapo kinga imeshapita, imebaki tiba, na tiba ya mahkamani ni ndefu na ina gharama.

Chukua karatasi ya mauziano ya shamba. Nyingi ni nusu ukurasa: fulani kamuuzia fulani shamba lililopo mahali fulani, bei hii, mashahidi hawa, muhuri wa sheha, yaani kiongozi wa shehia. Mipaka haikutajwa, kipimo hakimo, wala haikuelezwa kama kinachouzwa ni ardhi au ni mikarafuu iliyo juu yake. Kwa desturi yetu mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine; karatasi ikinyamaza hapo, ugomvi umeshazaliwa. Wapo pia wanaouza eka tatu walizopewa wazee wao na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na hawajui kuwa eka hizo zina masharti yake. Wengine huuza shamba la marehemu ambalo mirathi yake haijagawiwa: wenye haki watano, kauza mmoja.

Muhuri wa sheha hauponyi kasoro hizo. Kwa sheria ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na anachohamisha muuzaji ni haki ya matumizi, ambayo uhaulishaji wake, yaani kuihamishia kwa mtu mwengine, una bodi yake. Wakili akilipwa kuyakagua haya kabla fedha hazijatoka mkononi, ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kesi ya ardhi. Na awe wakili wako. Aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji, hata kama ada mnachangia.

Karatasi ya pili ya kuogopwa ni samansi, yaani wito wa mahkama. Watu huipokea wakaiweka juu ya kabati wakisubiri "tuitwe tena". Hamwitwi tena. Samansi ina tarehe, na majibu ya madai yana siku zake; zikipita, mdai anaweza kuomba kesi isikilizwe upande mmoja na hukumu ikatoka hali ya kuwa mdaiwa yupo shamba anachuma karafuu. Kuitengua hukumu hiyo kunataka sababu nzito, na "sikujua" haimo. Siku uliyopokea samansi ndiyo siku ya kwenda kwa wakili. Nenda nayo pamoja na hati na risiti zako zote, majina ya mashahidi, na ukurasa mmoja unaoeleza nini kilitokea tarehe gani. Yaliyo mabaya kwako mwambie pia, kwani upande wa pili utayasema tu.

Rufaa ndiyo inayoangusha hata wenye hoja nzuri. Anayetoka Mahkama Kuu kwenda Mahkama ya Rufani ana siku 30 za kuwasilisha notisi ya rufaa, yaani taarifa kuwa anakusudia kukata rufaa, kisha siku 60 tangu notisi hiyo za kuwasilisha rufaa yenyewe. Mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahkamani, ukichelewa kuchapwa, siku za kusubiri hazihesabiwi, lakini kwa sharti: uwe umeuomba kwa maandishi ndani ya siku 30 za hukumu, na nakala ya barua hiyo mpinzani wako awe ameipata. Ukisahau nakala hiyo, rufaa inaweza kutupwa bila hoja hata moja kusikilizwa.

Si kila jambo linataka wakili. Kugawa mirathi ya Muislamu, anzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Madai ya matunzo ya watoto kwa Kadhi wengi huyasimamia wenyewe. Aliyefukuzwa kazi aanzie kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Lakini jamaa yako akikamatwa kwa kosa kubwa, wakili apatikane kabla maelezo hayajaandikwa polisi, maana maelezo hayo ndiyo yatakayosomwa mahkamani.

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba kuona leseni ya mwaka huu. Aliyeandikishwa Tanzania Bara hapati papo hapo haki ya kusimama katika mahkama za Zanzibar. Uandikishaji ni mbali mbali, na ofisi ya Mrajis (msajili) wa Mahkama Kuu ndipo pa kuulizia. Makubaliano ya ada yawe ya maandishi, na yajibu suali moja ambalo wateja hawaulizi: ada hii inaishia wapi? Kwenye hukumu, kwenye kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, au mpaka rufaa? Ada ya wakili iandikwe mbali na gharama za mahkama. Lipa kwa hatua. Risiti inayosema "nimepokea shilingi laki tano" na basi haikusaidii kitu. Iseme ni za kazi gani, katika kesi namba ngapi. Hati asili ikibidi umwachie wakili, atie saini kuwa kaipokea; vyenginevyo mpe nakala.

Asiyekuwa na uwezo aulizie msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2018. Msaidizi wa sheria atamwelekeza na kumsaidia kupanga karatasi, ila kumsimamia mahkamani ni kazi ya wakili.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya mahkama ni dogo: kila samansi iwe na mstari mmoja wa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa, unaosema mwisho wa kujibu ni tarehe ngapi na usipojibu kitatokea nini.

Msaidizi wa sheria,
Wete, Pemba