Usikimbilie Kipoza cha Maji kwa Sababu ya Nyuzi 94

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Natumai wewe na wa nyumbani mko wazima. Sisi huku tuko salama. Barua yako nimeisoma yote, pamoja na ile picha ya skrini uliyoizungushia duara jekundu kwenye namba 94. Hongera kwanza. Kuunga kompyuta kwa mikono yako hadi ikawaka si jambo dogo, na usikubali mtu akuambie eti ni kazi ya kupachika tu. Sasa tuje kwenye hofu yako. Unasema gemu ikifunguliwa tu prosesa (ubongo wa kompyuta) inaruka hadi nyuzi 94, jamaa mmoja amekwambia ikipita 80 imeshaanza kufa, nawe umeshaanza kuangalia vipoza vya maji. Nakuomba usinunue chochote kwanza.

Huyo jamaa hajatunga uongo. Amechukua kanuni ya zamani akaivalisha prosesa mpya. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilifanya jaribio lililowaachia watu woga hadi leo: waling'oa kipoza juu ya prosesa huku gemu inaendelea. Athlon za AMD za wakati ule ziliungua zikafuka moshi, ilhali Pentium 4 ya Intel ilishusha kasi ikaendelea kujikokota. Leo prosesa zote zinafanya kama ile Pentium 4, tena kwa ustadi mkubwa zaidi. Zina vihisi ndani ya silikoni yenyewe, zinajipima muda wote, na zikifika kikomo zinajipunguzia umeme na kasi. Hata hapo zikishindwa, tuseme kipoza kimeachia, zinazima mashine nzima. Kuiua prosesa ya leo kwa joto la gemu, ukiwa hujagusa mipangilio ya kiwandani, ni kazi ngumu kweli.

Jambo la pili ambalo hakukwambia ni kwamba kila prosesa ina kikomo chake. Yako, Ryzen 5 7600X, kikomo ni nyuzi 95. Ryzen 7 5800X ni 90. Ryzen 7 7800X3D ni 89, kwa sababu ile kashe ya ziada (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) imelazwa juu ya viini, yaani sehemu zinazopiga hesabu, na joto linapata taabu kupenya. Kwenye 9800X3D kashe hiyo wakaihamishia chini ya viini na kikomo kikapanda hadi 95. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 za kompyuta za mezani zinafika 100, na Core Ultra 200S zinafika 105. Kwa hiyo mtu akikwambia "prosesa yangu iko 88", muulize kwanza ni ipi. Namba hiyo kwenye 7800X3D ina maana imebakiza nyuzi moja tu, na kwenye Core Ultra bado ina nafasi tele.

AMD wenyewe walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walisema wazi kwamba 95 ndipo prosesa hizi zilipolengwa zifike zikipewa kazi nzito ya viini vyote. Ukielewa jinsi zinavyofanya kazi, hutashangaa. Prosesa yako haina kasi moja ya kudumu. Inaongeza kasi hadi igonge mpaka mmojawapo: wati, kasi ya juu iliyopangiwa, au nyuzi 95. Ikiona bado kuna nafasi, inaitumia. Wakubwa wake kama 7950X hugonga 95 hata vikifungwa vipoza vya maji vikubwa, na hapo hakuna kilichoharibika. Ongeza na hili: viini vyako vyote sita vimebanwa kwenye kipande cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba kama 70 hivi, na juu yake kuna kifuniko cha chuma kilichofanywa kinene makusudi ili vipoza vya soketi ya zamani ya AM4 vifae pia kwenye AM5 ya prosesa yako. Joto jingi linatokea mahali padogo na njia yake ya kutoka si fupi. Ndiyo maana kipoza chako ukikigusa kinakuwa vuguvugu tu huku kihisi kinasoma 94. Watu wengi hudhani hapo kipoza hakijashika. Kimeshika, ila joto linasongamana kabla ya kukifikia.

Nimeitazama tena picha yako. Pale ulipoizungushia 94, nyuma yake gemu inaonyesha mstari wa asilimia unaosogea, na maandishi kwamba inaandaa sheda, vile vijiprogramu vya kuchora picha za gemu. Hicho ndicho kisa chenyewe! Gemu nyingi za siku hizi, ukizifungua mara ya kwanza au baada ya kusasisha dereva wa kadi ya grafiki (programu inayoiendesha), zinakaa chini kutafsiri sheda ziendane na kadi yako, na kazi hiyo inatumia viini vyote kwa asilimia 100. Ni mzigo mzito kuliko gemu yenyewe. Na wewe mwenyewe umeandika mstari mmoja chini, bila kuuzungushia chochote, kwamba ukiwa unacheza inakaa kwenye 72 hadi 76. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama, na haina tatizo lolote.

Mimi huwa napima hivi. Mashine ikiwa imetulia, kati ya 35 na 50 ni sawa, na Ryzen huwa zinarukaruka hata ukifungua dirisha la kivinjari tu, kwa hiyo usizitazame kwa sekunde moja moja. Ukiwa kwenye gemu, 60 hadi 80 silalamiki. Ikigusa 85 kwenye gemu inayokula prosesa sana, bado sisimami kwenye kiti. Kwenye programu za kuitesa prosesa kwa majaribio kama Prime95, acha ifike inakofika, kwa sababu hakuna gemu inayofanana na mateso yale. Kitakachonifanya nifungue kasha ni mambo mengine: mashine imetulia nayo inasoma 70, au imegonga 95 na kasi ikateremka chini ya gigahezi 4.7, ambayo ndiyo kasi yako ya msingi. Au gemu ile ile iliyokuwa 75 mwezi uliopita sasa iko 86 na hujabadilisha kitu. Au inajizima ghafla. Namba peke yake bila kasi kando yake hainiambii lolote.

Usisahau na joto la chumba. Kipoza cha hewa au cha maji hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Chumba kikipanda kutoka 22 hadi 32, prosesa nayo itapanda karibu kumi zile zile kwa kazi ile ile. Ndiyo maana kulinganisha namba zako na za mtu ambaye hujui chumba chake kikoje ni kujitafutia presha bure.

Kusoma joto, tumia programu ya HWiNFO. Utakutana na orodha ndefu ya kutisha. Wewe tafuta mstari wa Tctl/Tdie, huo ndio wa prosesa. Kuna mistari kama AUXTIN inayoweza kuonyesha 110 au hata zaidi mashine ikiwa baridi kabisa, kwa sababu tu bodi mama haijaunganisha kihisi chochote hapo. Usiandikie mtu barua kwa sababu ya AUXTIN. Na ukikuta mahali wenye Ryzen 1700X au 1800X wakilalamika joto, kumbuka kwamba zile za kwanza za mwaka 2017 zilikuwa zinaongeza nyuzi 20 kwenye usomaji wa Tctl makusudi, ili feni zizunguke mapema. Malalamiko mengi ya wakati ule yalitoka hapo.

Hata hivyo, kwa kuwa umeiunga mwenyewe, kuna mambo mawili matatu ningependa uyakague kwa macho. Kipoza kipya huja na karatasi laini ya plastiki inayong'aa imebandikwa chini, penye chuma kinachogusa prosesa, na mara nyingi imeandikwa iondolewe. Inasahaulika kuliko unavyodhani. Kwa namba zako sidhani kama ipo, maana ingekuwepo ungekuwa unaelekea 95 hata kwenye gemu nyepesi, lakini ukikifungua kipoza siku yoyote itafute. Na ukikifungua, soma alama ya pesti (ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza) kabla hujaifuta. Ikiwa imetandaa nyembamba hadi pembeni pande zote, uliifunga vizuri. Ikiwa upande mmoja umebanwa hadi chuma kinaonekana na upande wa pili pesti imebaki nene, skrubu zilikazwa upande mmoja kwanza. Dawa yake ni kuzikaza kwa msalaba, mizunguko michache huku, mizunguko michache kule, hadi zigome. Alama hiyo ikishavurugika futa yote kwa spiriti na upake upya, usirudishie juu ya ile ya zamani.

Kisha feni. Feni ina uso ulio wazi na mgongo wenye mikono inayoshikilia mota katikati; hewa inaingia usoni na kutokea mgongoni. Simama mbele ya kasha uangalie: za mbele zivute hewa ndani, ya nyuma itoe, ya juu itoe, na ya kwenye kipoza isukume kuelekea nyuma. Nimeona mashine ambayo feni ya kipoza na feni ya nyuma zinasukumiana hewa, mwenye nayo akabadilisha pesti mara kadhaa bila kupata nafuu.

Jaribio la kugundua kama kasha ndilo linalobana ni rahisi. Cheza gemu nusu saa, andika namba. Fungua ubavu wa kasha, cheza tena nusu saa mahali pale pale pa gemu. Ikishuka nyuzi mbili tatu, hewa yako iko sawa. Ikishuka nane au kumi, basi kipoza hakina kosa. Kinapewa hewa ya moto iliyotemwa na kadi ya grafiki. Hapo feni moja ya mbele itakusaidia kuliko kipoza chochote cha bei.

Kama bado namba inakukera, na najua itakukera, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya bodi mama) utafute Eco Mode, inayoibana prosesa ile umeme kidogo. Jina la menyu linatofautiana bodi kwa bodi, lakini mara nyingi iko chini ya mipangilio ya PBO, ile ya mipaka ya umeme na kasi ya prosesa. Chagua ya wati 65. Prosesa yako kwa kawaida inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142. Humo, licha ya jina hilo la 65, itaishia wati 88. Kwenye kazi za viini vyote utapoteza asilimia chache, na kwenye gemu hutaona tofauti ya maana, kwa sababu gemu hazikaribii wati 142 hata siku moja. Joto la kuandaa sheda litashuka vizuri na feni zitatulia. Hii ndiyo ningeifanya mimi kwenye mashine yako, na haigharimu kitu. Curve Optimizer, inayopunguza volti za prosesa, ni tamu zaidi, ila inataka subira na majaribio, na ukizidisha gemu zitaanza kuanguka bila sababu inayoonekana. Iache kwa sasa.

Kelele ya feni kupanda na kushuka kila ukifungua faili ni kwa sababu feni inafuata kila mruko wa kihisi. Kwenye BIOS hiyo hiyo iweke itulie hadi nyuzi 60 hivi, halafu uweke ucheleweshaji wa sekunde chache kabla haijapandisha mzunguko.

Kitu ambacho mimi hunitia wasiwasi kuliko nyuzi ni volti. Angalia visa viwili vya karibuni. Mwaka 2023 baadhi ya 7800X3D ziliungua kwenye soketi, na kilichokutwa ni bodi mama zilizokuwa zinapandisha mno volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) ukiwasha EXPO, mpangilio wa kuipandisha RAM kasi. AMD wakaifunga isizidi volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mwaka 2024 zikawa Core za kizazi cha 13 na 14 za Intel, zilizokuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Marekebisho ya Agosti mwaka huo yalikuja pia kwa BIOS, na Intel wakaongeza dhamana kwa miaka 2. Visa vyote viwili vingempita mtu anayekodolea macho nyuzi tu. Wewe umewasha EXPO, umeniandikia. Basi sasisha BIOS wiki hii, kabla hata ya Eco Mode, kwa sababu kusasisha kutaifuta mipangilio yako na utarudia kazi.

Kipoza cha maji sikipingi, kina mahali pake. Maji yanachelewa kupata joto, kwa hiyo miruko inapungua, na joto linatolewa nje moja kwa moja kupitia rejeta. Lakini kinakuongezea pampu, na pampu hufa. Kwa prosesa ya viini sita inayokaa kwenye 76 ukiwa unacheza, sioni unanunua nini hasa zaidi ya taa za mapambo. Ukishikilia kukinunua, angalau ufunge rejeta juu ya kasha, pampu isiwe ndiyo iliyo juu kuliko vyote, vinginevyo hewa inakusanyika humo na itaanza kupiga kelele.

Ukishasasisha BIOS, nitumie picha mbili za HWiNFO: moja baada ya nusu saa ya gemu ubavu ukiwa umefungwa, nyingine ubavu ukiwa wazi. Hakikisha kasi ya viini inaonekana kwenye zote, na uniandikie chumba kilikuwa nyuzi ngapi. Na umwambie yule jamaa anitajie prosesa yake ni ipi.

Wako,
swahiba yako wa siku zote