Mwanangu, kuhusu ile propela ya Land Rover

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata kwenye meseji, marahaba. Hii barua nimempa konda wa basi pamoja na kamba, usije ukaitupa hiyo kamba, ndo kipimo chenyewe cha propela, lile bomba linalozunguka kupeleka nguvu ya giaboksi kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma.

Umesema ukifika Gerezani, kule Dar kwenye spea, utawaambia tu unataka propela ya pikapu 109. Hapana baba. Ukisema hivyo utapewa yoyote ile, tena imepakwa rangi nyeusi inang'aa, afu ije huku haifiki au imezidi. Hiyo 109 ni inchi za kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka la nyuma, haisemi difu gani iko chini. Za zamani zina difu ya Rover, yetu Series III ina Salisbury, ile yenye mfuniko wa bolti kwa nyuma, pua yake imekuja mbele zaidi kwahiyo propela yake ni fupi kuliko ya mwenzie.

Hiyo kamba nimepima mwenyewe, flenji mpaka flenji, yale masahani ya bolti ya giaboksi na ya difu, gari imesimama kwa matairi yake, maana ukiinua na jeki ekseli inaning'inia kipimo kinakudanganya. Propela si inavutika na kurudi, sasa ukiipima iache katikati, isiwe imezama yote wala kuvutwa mpaka mwisho, ikilingana na yale mafundo mawili ya kamba ndo yenyewe.

Kabla hujatoa hela ishike uitikise. Krosi, vile viungo vya msalaba kwenye ncha zake, zikicheza au ukiona unga wa kutu mwekundu kwenye vikombe, shusha bei tu, krosi tutanunua mpya. Lakini yale meno ya kuteleza, pale inapovutika na kurudi, yakicheza iache hapohapo hata akikuapia kwa mama yake. Pitisha kiganja bomba zima, likiwa na kibonyeo achana nalo. Vile vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa pembeni vya balansi asivitoe eti anasafisha.

Na wakiichomoa kukuonyesha, weka alama ya chaki kwanza. Masikio yanayoshika krosi, ya huku na ya huku, lazima yatazamane sawasawa. Mwaka jana fundi mmoja hapa alirudishia amekosea meno, nimetoka Njombe mpaka Makambako gari inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kimelegea, nikamrudia ananiambia mama ni tairi. Tairi!

Bolti za zamani zikija nazo chukua, nati zake ni spana ya 9/16, huku mafundi wana za milimita tu, 14 haiingii na 15 inakula kona.

Mi niliyonayo nimeshaifungua. Nikasahau kuwa hendibreki ya hii gari inakamata kwenye giaboksi sio kwenye magurudumu, propela ikitoka hendibreki haina kazi, nikasikia kitu kinasogea taratibu juu yangu. Sikuumia, gari iliishia kwenye mgomba wa mama mdogo wako na amenuna mpaka leo. Sahivi nimeweka mawe manne.

Mwambie konda ailaze juu ya mizigo, isikandamizwe na kitu. Magunia ya viazi yako barazani tangu Jumatatu na yameanza kuchipua.

Mama yako