Bleza, chokaa na miti: mji wa shule hauanzii dukani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Siku hizi hapa Dodoma kila anayefungua duka la nguo au mgahawa anataka mahali pake paonekane pa kizamani, kwa ule mtindo wa kishule wa Kimarekani ambao vijana wanauita prepi: bleza, yaani koti la shule, sweta lenye nembo, shati lenye kola ya vifungo, viatu vya kuchomeka visivyo na kamba, ukuta mweupe na milango ya bluu iliyokoza. Neno lenyewe ni ndugu wa prepo, ile ya kusinzilia daftari usiku shule za bweni. Hatuna ugomvi na mtindo huo. Tatizo ni kwamba wengi wanaushika mkia, na ndiyo maana mapambo yao hayavuki masika moja.

Kule ulikozaliwa, shule ilitangulia. Phillips Academy ya Andover ilianzishwa 1778, jirani yake ya Exeter 1781, ya Deerfield 1797, na chuo cha Princeton kiko katika mji huo tangu 1756. Mji ulikua ukiizunguka shule: uwanja wa michezo, kanisa, barabara yenye miti pande zote mbili, na fundi nguo anayejua vipimo vya familia nzima. Bleza ya baba aliivaa mtoto. Kiwiko kikitoboka kiliwekwa kiraka cha ngozi, na kiraka hicho kikageuka kuwa fahari, kwa sababu kilionyesha kwamba nguo ni ya siku nyingi. Hata kitambaa cha mirabaraba cha Madras, kutoka India, kilipendwa kwa sababu rangi yake ya asili ilikuwa ikichuja na kuchanganyika kila kinapofuliwa. Hapa kwetu mteja angerudisha nguo siku hiyohiyo na kudai fedha zake.

Kwa kipimo hicho mkoa wetu si maskini. Mpwapwa ina chuo cha ualimu tangu enzi za Mwingereza. Mjini, majengo ya shule ya sekondari ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo, ndiyo tangu 2007 yamekuwa Chuo Kikuu cha St. John's. Reli ilifika Dodoma 1910, na mtaa wa Uhindini bado yapo maduka yenye mabaraza ya kujikinga na jua. Na sweta si pambo huku: usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na upepo wa asubuhi paredi hauna huruma. Tunachokosa ni utunzaji, na hapo sisi mafundi tuna la kusema.

Tuanze na bleza, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa wingi na ndiyo inayoharibiwa kwa wingi. Bleza ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza inakula mita moja na nusu ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150, na bitana karibu kiasi hichohicho. Kitambaa kilowekwe maji na kukaushwa kivulini kabla ya kukatwa. Fundi anayeruka hatua hii ataona mikono imepanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara mbili, halafu mzazi atadhani mtoto amekua.

Kosa kubwa liko kwenye gamu, ule utando unaobandikwa ndani ya kifua na ukosi ili koti lisimame. Gamu inataka vitu vitatu kwa pamoja: joto, mgandamizo na muda. Pasi iwekwe juu ya kitambaa chembamba chenye unyevu, ikandamizwe mahali pamoja kwa sekunde 12 hadi 15, iinuliwe, ihamishiwe pembeni. Isiburuzwe. Wengi wanaiburuza kama wanaonyoosha shuka, na wenye pasi ya mkaa wanapata joto kali katikati na hafifu pembeni. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya kufuliwa, kifua kinaota malengelenge, na malengelenge hayo hayana dawa, kwa sababu gundi imeshaachia na bitana imeshafungwa. Mwambie fundi wako ajaribu kwanza kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 10, akiache kipoe, kisha akivute kwa kucha. Kikiachia, aongeze muda kabla ya kuongeza joto, maana polista ikizidiwa na joto inang'aa na hairudi.

Jambo la pili ni akiba. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza atavaa bleza hiyo miaka minne. Ndani ya pindo la mkono ziachwe sentimita 5, mishono ya ubavuni sentimita 2.5 kila upande, na mshono wa katikati ya mgongo vilevile. Bleza za kiwandani zinazoletwa kwa mafurushi hukatwa karibu kabisa na mshono na kupigwa overloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia kingo zisichanguke. Ukitaka kuzitanua hakuna pa kushika. Bei yake ni nafuu siku ya kununua tu. Vifungo navyo: kila kimoja kishonwe kikiwa kimeinuka milimita 3 kutoka kwenye kitambaa, uzi uzungushwe kwenye shina la nyuzi chini yake mara nne au tano, na kimoja cha akiba kishonwe ndani ya bitana. Kifungo kilichobanwa kikavu kinachana kitambaa, na ukarabati wa tundu kifuani hauwezi kufichika hata kwa fundi hodari.

Nembo ishonwe kwenye mfuko kabla mfuko haujabandikwa kifuani. Ukifanya kinyume, utashona mfuko ukafunga.

Sasa ukuta. Majengo mengi ya zamani ya misheni na ya reli yamejengwa kwa mawe au matofali yaliyoshikwa na udongo au chokaa, na kuta hizo zinapumua. Maji yanayopanda kutoka chini hutokea usoni mwa ukuta na kukauka. Ukipiga plasta ya saruji na juu yake rangi ya plastiki, umeziba pua. Maji yatapanda juu zaidi, chumvi ya ardhi yetu itachanua nyuma ya rangi, na ndani ya mvua mbili ukuta unabambuka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Kisha mwenye nyumba analaumu rangi na kupaka nyingine juu yake.

Chokaa ni rahisi zaidi ila inataka subira. Ndoo moja ya chokaa ya mfuko ichanganywe na ndoo moja ya maji, ilale usiku kucha. Asubuhi izimuliwe hadi iwe nyepesi kama maziwa na ichujwe kwa chekeche. Rangi ya plastiki ya zamani ikwanguliwe yote, kwani chokaa haishiki juu yake. Ukuta uloweshwe maji, kisha ipakwe mikono mitatu myembamba, kila mkono na siku yake. Ikiwa mbichi haionekani, ukuta unabaki kama haujapakwa, na hapo kibarua anapata wasiwasi na kuongeza uzito. Asiongeze, itakuwa nyeupe ikikauka, na ile nzito itapasuka. Wakati wa kupaka ni alasiri ukuta ukiwa kivulini. Chokaa hukomaa taratibu kwa unyevu na hewa, kwa hiyo ikikaushwa haraka na jua na upepo wa Dodoma inabaki unga, na kila anayeegemea anaondoka na mgongo mweupe. Chokaa mbichi, ile isiyozimwa kwa maji, isitumike kuchora mistari ya uwanja wa mpira, kwa sababu inaunguza macho na ngozi ya watoto.

Mabaraza tutayasema kwa kifupi: yasizibwe kwa vioo na alumini, na sakafu isiwekwe marumaru za kung'aa, zinateleza mvua ikinyesha.

Na miti. Barabara nyingi za miji ya kaskazini mashariki mwa Marekani zilikuwa na mti wa aina moja, elmu, matawi yakikutana juu kama paa. Ugonjwa wa ukungu unaosambazwa na mbawakawa ulipoonekana huko 1930, mtaa mzima ulikufa kwa pamoja kwa sababu hapakuwa na aina nyingine. Nasi tumejaza miarobaini na mijohoro. Ni miti mizuri, lakini ichanganywe na mikwaju na mizambarau penye maji. Shimo liwe na sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, debe moja la samadi iliyooza lichanganywe na udongo wa juu, mche uingie mvua za Desemba zikishatulia. Kiangazi lita 20 mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili, na uzio wa miiba, maana mbuzi wa mjini hawana mwenyewe mpaka wakamatwe. Mafundi wa paving waache mita moja kuzunguka shina.

Ombi letu kwa wakuu wa shule na bodi zao ni moja. Msibadilishe rangi ya bleza kila uongozi mpya unapoingia, maana mdogo hawezi kurithi ya kaka yake, na nguo ambayo hairithiwi haiwezi kuzeeka vizuri. Kila shule ihifadhi nusu mita ya kitambaa chake kabatini, mbali na mwanga, pamoja na kifungo kimoja, nembo moja na karatasi ya vipimo, na fundi yeyote anayepewa kazi apewe kipande cha kulinganisha mchana, nje, si chini ya taa ya duka.

Ni sisi mafundi cherehani na waashi,
Dodoma.