Kupiga window sio dawa ya virusi jamani

Mhariri,

Salaam. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi, mara nyingi la kuazima dukani kwa Mangi (mtanisamehe kwa hilo), ila kuandika sijawahi. Leo imebidi, manake nimesoma barua ya ndugu yetu mmoja anasema kompyuta ya nyumbani ikiingiwa na virusi usisumbuke, mpelekee fundi apige window (yaani aweke Windows upya), elfu ishirini na tano tu, jioni unaichukua iko kama mpya. Nikasema hapana, huyu atawaponza watu kama nilivyoponzwa mimi, na yeye anaongea kwa nia njema kabisa.

Kompyuta yetu ni ya mezani, ya mtumba, ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa, nilinunua laki mbili na nusu pamoja na skrini yake. Watoto wanaandikia notsi na kuangalia katuni, mi nachapia mambo ya kikoba. Na humo ndo nilikuwa nimeweka picha zote za familia, za harusi, za ubatizo, za mama yangu kabla hajafariki na hata za msiba wake, nikiamini ndo mahali salama, maana simu zinaibiwa, simu zinadondoka chooni, ila kompyuta ya mezani nani ataidondosha chooni.

Sasa siku moja binti yangu alipeleka flashi steshenari kuprinti kazi ya shule. Zile kompyuta za steshenari mnazijua, kutwa nzima zinachomekwa flashi za wanachuo, za wachungaji, za watu wa tenda, ni kama mswaki wa kuchangia mtaa mzima. Aliporudi akaichomeka nyumbani, folda zote zipo ila kila moja ina kimshale kidogo pembeni. Hatukujali, tukabonyeza, zikafunguka kama kawaida. Kumbe kile kimshale maana yake ile sio folda, ni shotikati (njia ya mkato ya kufungulia kitu), folda yako ya kweli imefichwa, na ukibonyeza ile shotikati inafanya mambo mawili kwa mpigo, inaamsha kirusi kwanza afu inakufungulia folda yako ili usishtuke. Yaani mwizi anakufungulia mlango wa nyumba yako mwenyewe na kukwambia karibu.

Tokea hapo mashine ikawa nzito na kila flashi tuliyochomeka nayo ikageuka vimshale. Nikaipeleka kwa fundi (simtaji, na banda lake lenyewe limeshahama). Hakuniuliza hata kitu kimoja. Jioni naifuata inawaka haraka, imependeza, nikauliza picha zangu ziko folda gani, akanijibu mama si ulisema ina virusi, nimefuta vyote. Vyote kweli. Nilimlipa hela yake nikaondoka nimeikumbatia ile kompyuta kwenye bodaboda, sikuwa hata na nguvu ya kugombana.

Na baada ya siku tatu vimshale vikarudi!

Hapa ndo nataka ndugu yetu yule anisikilize. Mtoto wa kaka yangu anasoma Dodoma mambo hayahaya ya kompyuta, akaja likizo, hata kabla hajaiwasha akasema shangazi leteni flashi zote za humu ndani. Tukadhani utani. Zikapatikana sita, moja ilikuwa chini ya mto wa kochi, na memori kadi mbili za simu za zamani. Akasema virusi vyenu havijatoka popote, viko humu mezani, fundi kafuta kompyuta lakini hizi hakuzigusa, mkaja mkachomeka tena. Ni kama umefua shuka la mgonjwa wa upele afu ukamvalisha nguo zilezile.

Afu akafungua Defender, ile antivairasi inayokuja bure na Windows 10 yenyewe, akaskani, ikasema hakuna tatizo lolote. Vimshale tunaviona kwa macho, Defender inasema kuko shwari. Yeye akacheka, akaingia kwenye mipangilio yake, kule kuna orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague, na kwenye hiyo orodha kulikuwa na mstari mmoja tu, C:\. Diski nzima! Yaani mlinzi kaambiwa linda nyumba ila vyumbani, sebuleni na jikoni usiangalie.

Nani kaiweka hiyo? Sikumuona mtu kwa macho, ila kijana alinieleza inavyokuwaga. Window anayopiga fundi wa bei ya chini mara nyingi haina leseni, kwahiyo anaiwekea kreki, kale kaprogramu ka kuidanganya Windows ione imelipiwa. Antivairasi inazichukia kreki, inazifuta papo hapo, basi kabla ya kuiweka unazima antivairasi au unaiambia isikague sehemu hiyo, na mwenye haraka anaona isiwe tabu, anaandika diski nzima. Fundi anamaliza kazi yake, kreki inaishi kwa amani, na kila kirusi kitakachofuata nacho kinaishi kwa amani hiyohiyo. Na kreki zenyewe nyingi zinakuja na mzigo wake ndani, manake nani anakupa kitu cha wizi bure afu hataki chochote? Kwahiyo nililipa elfu ishirini na tano kufutiwa picha za mama yangu na kufungiwa mlinzi macho.

Alivyoisafisha nitaeleza kama nilivyoona, mi sio mtaalamu. Kwanza alifuta ule mstari wa C:\, akaitoa na kreki. Akawasha hotspoti ya simu yake akaiapdeti Defender (bando nilinunua mimi), akasema hata usipokuwa na intaneti nyumbani lile faili la apdeti unaweza kulidaunlodi kwingine toka tovuti ya Microsoft ukaja nalo kwenye flashi safi, linazidi MB 100 hivi ujiandae. Afu hakubonyeza skani ya kawaida, alichagua ile ya oflaini. Mashine ikajizima na kujiwasha, ikawa inakagua kabla Windows yenyewe haijaamka, kama robo saa hivi. Siri yake ni kwamba kirusi kikishaamka kinaweza kujificha au kumzuia mkaguzi, sasa hapa kinakutwa bado kimelala. Ilikamata vitatu.

Hakuishia hapo. Akafungua Task Manager akatazama nini kinaendelea na nini kimejipanga kuwaka pamoja na kompyuta, akakuta bado kuna kiskripti kimoja kinaendeshwa na kitu kinaitwa wscript, akakizima, akalifuatilia faili lake mpaka lilipojificha akalifuta. Afu ndo zikaja flashi, moja baada ya nyingine. Anaskani flashi, anafuta shotikati zote, anafungua ile skrini nyeusi ya cmd anaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (hiyo F ni herufi ya flashi, kwako inaweza kuwa nyingine) na folda zilizofichwa zinaibuka zote, notsi za binti yangu zote zipo, hakuna hata moja iliyokuwa imepotea. Nilikaa chini. Manake kirusi hakikuwa kimefuta kitu hata kimoja, kilificha tu. Aliyefuta ni binadamu.

Akasisitiza mpangilio ni huo, ua kinachoendelea kwanza ndo ufichue folda, ukianza kufichua zinafichwa tena mbele ya macho yako unabaki unalaumu kamandi. Akatuwekea pia ile tiki ya kuonyesha majina ya mwisho ya mafaili, kwasababu Windows ikiachwa ilivyo haionyeshi .exe, ile alama ya kwamba faili ni programu, kwahiyo programu inavaa sura ya folda inaitwa Picha na wewe unaibonyeza.

Kijana ni muongeaji, akatupigia na historia. Zamani flashi ilikuwa ukiichomeka tu kirusi kinajiendesha chenyewe, Conficker cha mwaka 2008 kilisambaa hivyo pamoja na njia zingine, mpaka Februari 2011 Microsoft wakatoa apdeti ya kuzima huo mchezo kwa flashi kwenye Windows za kabla ya hapo. Sasa kirusi kinakuhitaji wewe ubonyeze, ndo hizo shotikati. Kuna kimoja kinaitwa Andromeda chenyewe kilikuwa kinasomba vitu vyote vya kwenye flashi kinavitia kwenye folda isiyo na jina. FBI ya Marekani na Europol, polisi wa Ulaya, na wenzao waliuvunja mtandao wake Novemba 2017, lakini flashi zilizoambukizwa zamani hakuna polisi aliyepita majumbani kuzikusanya. Ile ya chini ya kochi sijui ilikuwa na ya mwaka gani.

Picha je? Alijaribu na programu ya bure inaitwa PhotoRec. Alisema ukishafuta, picha zinakuwa bado zipo kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, shida fundi keshaandika Windows nzima juu yake na sisi tumeitumia siku kadhaa. Ilikesha usiku kucha. Tulipata mia mbili na kidogo, hazina majina wala tarehe, zinaitwa f na namba ndefu, nyingine zimekatika katikati. Mama yangu yumo kwenye kumi na moja. Ningeambiwa mapema kwamba diski unaweza kuitoa ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, au ukawasha mashine kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine wa bure badala ya Windows) ukakopi vitu vyako kabla ya kufuta, ningelipa hata elfu hamsini.

Msinielewe vibaya, kupiga window kuna wakati ndo sawa. Kuna virusi kama Sality vinaingia ndani ya kila programu uliyonayo, hapo kusafisha moja moja ni kupoteza muda, kopi picha na dokumenti zako, programu ziache, piga upya tena kwa Windows ya kutoka kwa Microsoft wenyewe. Au ukishahisi kuna kitu kilikuwa kinaiba paswedi, usiiamini hiyo mashine, na paswedi za imeili badilishia kwenye simu sio kwenye kompyuta hiyohiyo, na uwatoe wote waliokuwa wameingia kwenye akaunti. Jirani yetu mmoja mwenye duka kijana wake alidaunlodi kreki ya programu ya kuedit video, mafaili yote yakafungwa, kikabaki kikaratasi kinaitwa _readme.txt kinataka dola 980 ili yafunguliwe, ukiwahi ndani ya saa 72 nusu bei, 490. Kwa huyo hata fundi mzuri hana cha kufanya sana. Aliambiwa asilipe, ayahifadhi mafaili yake yaliyofungwa hivyohivyo, awe anachungulia tovuti ya No More Ransom, ya Europol na polisi wa Uholanzi na makampuni ya antivairasi, wanatoa funguo za bure pale zinapopatikana. Za kwake hazijapatikana. Tena na hapo ukipiga window kabla ya kuyahifadhi, hata funguo ikija kesho huna cha kufungulia.

Na zile tangazo zinazotokea pembeni chini kwamba kompyuta yako ina virusi 5 bonyeza hapa, mara nyingi hata sio kirusi, ni mtoto alienda kwenye tovuti ya muvi akabonyeza ruhusu. Ingia kwenye mipangilio ya brauza, kwenye notifikesheni, ifute hiyo tovuti, kwisha. Mtu analipishwa elfu ishirini na tano kwa hilo!

Ninaloomba mhariri ni dogo. Yule anayewaandikia safu ya teknolojia aache kwa wiki moja kutusifia simu mpya za milioni mbili, atuandikie watu wa kompyuta za mtumba. Sisi wa Windows 10 ndo kabisa tunahitaji, manake tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha apdeti za bure za usalama isipokuwa ujiandikishe mpango wao wa nyongeza, Windows 11 mashine zetu nyingi haiingii, na mtaani nasikia watu wanashauriana sasa weka kreki tu. Defender yenyewe bado wanailisha mpaka 2028, hilo nalo watu hawalijui.

Na mafundi, sina ugomvi nanyi, wengine mnajua kazi kuliko sisi wote. Ila kabla hujabonyeza fomati, muulize mwenye mali una nini humu. Swali la sekunde tano.

Barua hii nimeichapa kwenye kompyuta hiyohiyo. Nawatumia kwa imeili. Binti alitaka ailete kwa flashi pale ofisini kwenu akiwa anapita, nikamwambia hapana, kompyuta za mapokezi sizijui.

Mama wa watoto watatu,
Kihonda, Morogoro