Tumbo la Jumamosi

Tanga,
14 Juni.

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, machungwa ya Muheza yameanza kujaa sokoni, nikipata kondakta ninayemwamini nitakutumia kiroba.

Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, hata ile ya dakika saba. Nimeona nikuandikie, maana nikirekodi nitaropoka.

Unasema Salma anaumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi, amepimwa mkojo na choo hakikuonekana kitu, na saa ya mazoezi ya kuogelea anayolazimishwa na baba yake ikishapita anaomba chipsi. Shoga, tumbo hilo nalijua. Usidhani anaigiza, linamuuma kweli. Mtoto akishaambiwa “sitaki kusikia habari za sitaki”, kinachobaki kusema ni tumbo.

Unakumbuka nilipochaguliwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano, nikaja kwenu mbio na kanga moja? Baba akahangaika mpaka nikahamishiwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), maana alishawaambia wenzake msikitini kwamba binti yake atakuwa daktari. Siku ya kupasua chura nilimshika kwa leso, nikatapika kwenye sinki. Usiku wa prepo niliweka riwaya ndani ya kitabu cha Kemia. Mwisho nikapata daraja la tatu. Hayo yalipita, na wala si yanayoniuma.

Kinachoniuma ni barua. Kila mwezi nilimwandikia baba: masomo mazuri, Kemia napanda. Uongo mtupu. Na hakuwahi kunichapa, yule mzee, tena aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada. Ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito. Miaka miwili ya kumdanganya ikanizoesha. Hata nilipoachika, habari alizipata kwa majirani. Alinipigia simu akauliza, “Kwa nini hukuniambia, mwanangu?” Nikakosa la kujibu. Tangu lini nilikuwa namwambia?

Sasa shemeji ananitajia Serena Williams, kwamba baba yake alimpangia tenisi kabla hajazaliwa. Sawa. Mwulize na habari za Andre Agassi. Baba yake alimwekea nyumbani Las Vegas mashine ya kurusha mipira, mtoto akawa anapiga maelfu kwa siku. Akashika nafasi ya kwanza duniani mwaka 1995, akabeba mataji 8 ya Grand Slam, na mwaka 2009 akasema wazi kwamba tenisi aliichukia. Na huyo ndiye aliyefanikiwa! Waliolizwa kwenye viwanja vya namna hiyo wakaishia njiani, nani anawataja?

Sisemi Salma aachiwe kila alitakalo. Hesabu asome hata akinuna. Kuogelea nako ajue, asije akazama. Lakini si ameshajua? Umeniambia mwenyewe anavuka bwawa lote. Kilichobaki sasa ni mashindano na picha za shemeji kwenye grupu la ukoo. Sisi tulijifunzia baharini pale Raskazone kwa kushikana mikono, maji ya chumvi puani, na hakuna aliyetupa cheti. Mpaka leo nikiona bahari naitamani. Salma akiona taulo analia.

Usimwendee shemeji kwa shari, wala usimwambie nimesema mimi (utamwambia tu, nakujua). Anampenda mwanawe, hilo sina shaka nalo, na najua yeye mwenyewe alikulia mahali ambapo hapakuwa na bwawa wala kocha. Mngoje akishakula, umwombe amkalishe Salma amwulize anapenda nini. Akijibu, asimkatize. Asimwambie “lakini”. Hata akisema anapenda makopo ya rangi na kuchora paka, amsikilize mpaka mwisho. Itamwia vigumu, wewe mkonyeze.

Halafu nipe Salma likizo hii, wiki mbili tu. Aje na rangi zake. Ukuta wangu wa uani umebabuka, nilikuwa natafuta fundi. Sasa nimeghairi, namngoja yeye.

Na Jumamosi tumbo likianza, usimpe tena dawa ya minyoo, atamaliza chupa nzima bure. Mpikie uji, shusha pazia, mwache alale.

Nisalimie wote. Nijibu upesi.

Shoga yako,
Zaituni