Barua ya wazi kwa waheshimiwa mliomcheka mwenzenu kwa sababu ya treni ndogo

Mwangaluka, wanangu.

Nawaandikia ninyi madiwani, na ninyi mnaojipanga kugombea, wa hapa mjini Mwanza na wa kandokando ya ziwa, kwa sababu ya ile video. Mnaijua. Mwenzenu amepiga magoti sebuleni, shati limechomoka, shavu limekaribia zulia, na mbele yake kuna kichwa cha treni kisichozidi urefu wa kiganja. Aliyemrekodi ni mtu wa nyumbani kwake, nadhani kwa mapenzi tu. Kufika jioni video ilikuwa imeshazunguka kuanzia soko la samaki la Mwaloni hadi Nyegezi, na waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote hawakuwa wachuuzi wa dagaa. Ni ninyi wenzake. "Barabara zina mashimo, mheshimiwa anacheza treni." Mkaongeza na vile vikatuni vya kulia machozi ya kicheko.

Mimi nilikuwa kijiweni na kikombe changu cha kahawa, na nilicheka kidogo, sitaficha. Halafu nikaomba nirudishiwe video niitazame tena. Yule kijana alikuwa ameshusha jicho hadi usawa wa reli, amefumba jicho la pili, anaifuata reli taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Sisi wa genge la reli tulifundishwa kutazama hivyohivyo. Ukisimama wima, reli iliyopinda utaiona imenyooka. Lazima uiname. Na katika umri wangu wote sijamwona mheshimiwa hata mmoja akiinama namna ile kukagua kitu cha umma, iwe mtaro, iwe kalavati, iwe choo cha shule. Wanasimama, wanaonyeshwa kwa kidole, wanapigwa picha, wanaondoka.

Niwasimulie kisa changu. Nikiwa kijana nilikuwa kibarua Mwanza Kusini, pale mabehewa yalipokuwa yanaingizwa kwenye meli ya MV Umoja. Wengi wenu hamjawahi kuliona jambo lile: meli ina reli sitahani, na mabehewa yanasukumwa kutoka nchi kavu yanaingia majini yakiwa na mzigo wake, yakashukie ng'ambo ya ziwa. Siku moja nikaashiria mabehewa ya pamba yaingie mfululizo upande mmoja. Meli ikaanza kulala. Si sana, lakini mabaharia walipiga kelele ambazo nazisikia mpaka leo nikilala vibaya.

Msimamizi wetu, mzee wa kutoka Tabora, hakunitukana. Aliniita chini ya mwembe, akaagiza karai la maji. Akavua ndala yake, akaiweka ielee juu ya maji. Akatoa viberiti mfukoni, akaomba na vya wenzake, akaniambia: pakia. Nikaweka kiberiti kimoja kushoto, ndala ikainama kidogo. Cha pili kushoto, ikazama ukingo, viberiti vikamwagika. "Rudia." Nikaweka kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja kushoto, kimoja kulia. Ndala ikatulia. Tulirudia mpaka viberiti vyote vikalowa na watu wakakosa moto wa kuwashia sigara. Sikukosea tena. Sasa niambieni, siku ile mzee wangu alikuwa anacheza?

Kitu alichonacho mwenzenu sebuleni hakina tofauti na karai lile, ila kimetengenezwa kiwandani. Wazungu wanauita uwiano wa H0: kila kitu cha kweli kimegawanywa kwa 87. Mtu mzima anabaki na urefu wa sentimita mbili hivi. Chukueni rula mpime reli zake, mtakuta milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Zidisheni kwa 87, mtapata kama milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR yenyewe, ile reli mpya. (Reli yetu ya zamani, ile ya mita moja iliyofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, ingekuwa milimita 11 na nusu. Wenye mchezo wao hutumia reli ya milimita 12, wanajisamehe hiyo nusu.) Kwa hiyo sisi wengine tangu jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka liwekwe Juni 2021 tunahesabu siku, na yeye ameshaipata SGR juu ya zulia. Labda ni wivu tu unaowasumbua.

Mnasema ni mambo ya watoto. Haya, mnamjua Horst Seehofer? Aliongoza serikali ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, kuanzia 2008 hadi 2018, kisha akawa waziri wa mambo ya ndani wa nchi nzima. Kwenye chumba cha chini cha nyumba yake ya mapumziko ana reli ndogo, ameijenga miaka na miaka, na waandishi wa habari wameonyeshwa. Humo ndani alimweka hadi Angela Merkel, kisanamu kidogo. Wajerumani walicheka, ndiyo, lakini hawakumwambia aitupe. Na Rod Stewart, mwimbaji wa Uingereza, mwaka 2019 aliutoa hadharani mji wa Marekani wa zama za vita alioujenga kwa miaka zaidi ya ishirini, maghorofa na madaraja na yote. Akiwa ziarani alikuwa akichukua chumba cha ziada hotelini, ajifungie humo abandike madirisha. Mtangazaji mmoja wa redio alipodokeza kwamba huenda kazi ilifanywa na watu wengine, mzee alipiga simu hewani mwenyewe kusema sehemu kubwa ni ya mikono yake. Hakupiga simu kutetea nyimbo zake, alitetea vijumba.

Ila ninayetaka mumsome vizuri ni Walt Disney, yule wa katuni. Mwaka 1950 alikuwa na reli nyuma ya nyumba yake, Los Angeles. Hiyo haikuwa ya zuliani. Ilikuwa na uwiano wa moja kwa nane, injini ya mvuke wa kweli, mtu anakaa juu ya behewa kama anavyokaa juu ya kigoda. Urefu wa njia ulikaribia mita 800. Injini aliiita Lilly Belle, kwa jina la mkewe Lillian.

Sasa tegeni sikio, waheshimiwa. Uwanja ni wake, pesa ni zake, mke ni wake. Pamoja na hayo yote, aliandikishiana hati na mkewe na binti zake ya kumruhusu kupitisha reli. Na njia ilipofika kwenye bustani ya maua ya mama mwenye nyumba, alichimba handaki, treni ikapita chini, maua yakabaki juu. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kulikoni. Nilikuwa nakumbuka ile rangi nyekundu. Mtu anaamka asubuhi anakuta ukutani kwake pamechorwa X ya kubomolewa, hajaamkiwa, hajaulizwa, fidia ataisikia kwa jirani. Baba wa katuni anamwomba njia mkewe kwa maandishi, na sisi tunashindwa hata kubisha hodi.

Hadithi hiyo haikuishia vizuri. Mwaka 1953 treni ile ilianguka ikiendeshwa na mgeni, mvuke ukamuunguza mtoto. Disney akaifunga. Hakuunda tume, hakusema ni makosa ya kibinadamu. Miaka miwili baadaye alifungua bustani yake ya burudani, na treni ya mvuke ikawa inaizunguka, safari hii kwa njia iliyojengwa kubeba umma.

Msije mkadhani namtetea kila mwenye treni ya mchezo. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, alikuwa na reli kubwa ya namna hiyo kwenye jumba lake la Carinhall, akijivunia mbele ya wageni. Na serikali yake ilikuwa ikijaza watu kwenye mabehewa ya kweli, ya mizigo, kuwapeleka kuuawa. Kwa hiyo mchezo haumtakasi mtu. Na hapa ndipo ninapokuwa na neno na wewe mwanangu wa kwenye video, maana najua unasoma.

Vile visanamu vyako vya sentimita mbili vimegundishwa. Yule mama mwenye beseni kichwani uliyemweka stesheni, atasubiri treni hiyohiyo mwaka mzima bila kulalamika. Ukiona kituo cha daladala hakikupendezi hapo, unakibandua kwa kisu, unakihamishia kule, hakuna wa kukuuliza. Hilo ndilo eneo la hatari. Hata Seehofer alimpanga Merkel wa plastiki alipotaka, lakini mwaka 2018 Merkel wa kweli hakupangika: walivutana juu ya wakimbizi wanaofika mpakani, hadi Seehofer akafikia kusema atajiuzulu. Ukitoka sebuleni kwenda kikaoni, acha gundi nyumbani. Wanawake wa Mwaloni hawakugundishwa. Ukiwahamisha bila kuwasikiliza watarudi palepale kesho alfajiri na ndoo zao, na watakuwa na haki.

Lakini reli yenyewe, ile chuma na umeme, endelea nayo. Hiyo haikujui kama ni diwani. Ukikunja kona kwa pupa ili iingie kwenye meza, behewa refu linatoka njiani, liwe la mheshimiwa au la kibarua. Ukibana maungio bila kuacha nafasi ndogo, jua la saa nane likipiga bati la sebule yako reli inavimba na kuinuka, kama zilivyokuwa zinainuka zetu huko Shinyanga mwezi wa kumi. Umeme unapita kwenye reli na kuingia kupitia magurudumu, kwa hiyo vumbi kidogo tu linatosha kusimamisha msafara. Na sisi wa hapa tuna adui ambaye Wajerumani hawamjui: wale vidudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi. Usiku mmoja ukisahau dirisha, asubuhi wamejilaza relini kwa maelfu, treni haiendi hata ufanyeje. Ukilitazama jambo hilo kwa nusu saa na kitambaa mkononi, unajifunza neno "matengenezo". Neno hilo kwenye bajeti zenu ndilo linalofyekwa la kwanza, kwa sababu hakuna anayekata utepe wa kufuta vumbi.

Na ninyi wengine mliocheka, nisiwaulize mnafanya nini jioni? Nawajua. Mmoja wenu kila siku yuko baa ileile, meza ileile, anazungukwa na watu walewale wanaocheka kabla hajamaliza utani. Siku nzima anaitikiwa, jioni anakwenda kuitikiwa tena. Mtu wa namna hiyo ataambiwa saa ngapi kwamba amekosea? Mwenzenu angalau ana kitu ndani ya nyumba kinachomgomea. Si lazima iwe treni. Fuga kuku, shona nyavu, rekebisha baiskeli. Wajerumani wale wa Hamburg, wenye jumba kubwa la maonyesho ya treni ndogo, mwaka 2009 kabla ya uchaguzi waliwapa vyama vya siasa mita moja ya mraba kila kimoja, wajenge humo nchi wanayoiota. Fikirini tungewapa ninyi. Mita moja tu, mkajenga mtaa wenu kwa udongo na maboksi, wananchi wakaja kuutazama: mtaro mmeuweka upande gani, maji ya mvua kutoka kwenye mawe ya Mabatini yanapita wapi, mtoto anavukaje barabara. Hapo hotuba haiingii. Ningetembea kwa mguu kuja kuona.

Mwanangu wa kwenye video, kwa nilivyoona, tatizo lako liko kwenye pointi ya mkono wa kushoto, ile inayogawa njia kuingia stesheni. Ule ulimi wake haubani vizuri, umeacha uwazi kama unene wa kucha, ndiyo maana gurudumu la mbele linakwenda kulia na la nyuma linakwenda kushoto. Usilazimishe kwa kidole. Njoo nayo Jumamosi baada ya saa tisa, mimi nipo Igogo, ukifika penye kiwanda cha kutengeneza majiko uliza mzee wa reli. Leta koleo ndogo, spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Mjukuu wangu ametengeneza kichwa cha treni kwa kopo la maziwa na magurudumu ya ndala, anataka kukipima na chako. Karai la maji lipo.

Ni mimi babu yenu,
mstaafu wa reli, Igogo, Mwanza.