Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mitambo, Afya na Kufuli

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wajumbe wa kamati tendaji, nanyi wanachama wa chama chetu cha mafundi wa viwandani na wa vifaa tiba mliotoka Nyakato, Igogo, Kirumba, Sengerema, Geita na Ukerewe: mwangaluka. Wapo wenzetu walioshindwa kufika kwa sababu wako zamu, hospitalini na viwandani. Nimeagiza wapelekewe taarifa hii yote.

Hesabu za chama atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya imo kwenye makabrasha mliyogawiwa. Mimi nitatumia nafasi yangu kuzungumzia usalama wa wale wanaoishi na mitambo yetu: mgonjwa aliyelala karibu nayo na mfanyakazi aliyesimama mbele yake.

Mwaka huu kazi haikukosekana mkoani Mwanza. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa rasmi tarehe 19 Juni, na kilomita zake 3 kutoka Kigongo hadi Busisi zimewafanyia watu wa Sengerema na Geita jambo ambalo hospitali peke yake isingeliweza: gari la wagonjwa halisubiri tena kivuko. Aliyewahi kukaa Busisi usiku na mama mwenye uchungu wa uzazi, akitazama taa za kivuko upande wa pili wa maji, ananielewa. Mtu akiniuliza mitambo mizito inahusiana nini na afya ya binadamu, mimi naanzia hapo. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, nayo imehitaji mafundi wengi, na Bandari ya Mwanza Kusini imetupatia meli ya MV New Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Vyote hivyo vitahitaji matunzo miaka mingi baada ya wakandarasi kufungasha virago, na watakaobaki navyo ni sisi.

Sasa nije kwenye lililoniumiza. Katikati ya mwaka kijana wetu mmoja aliumia katika kiwanda cha minofu ya samaki. Sitakitaja kiwanda wala kumtaja yeye, ila ameridhia niwaeleze. Skrubu ya kusukumia barafu ilikwama. Alizima swichi iliyo ubavuni mwa mashine, akafungua kifuniko, akaingiza mkono kuvunja bonge la barafu kwa bisibisi. Mwenzake wa zamu iliyofuata aliingia kwa mlango wa pili, akakuta mashine imezimwa na samaki wanasubiri, akawasha. Skrubu haikumaliza hata mzunguko wa pili. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda. Hapakuwa na mlevi pale, wala mzembe. Aliyewasha alikuwa akitimiza wajibu wake, na hadi leo hana raha. Kilichokosekana ni kufuli.

Utaratibu wa kufunga mashine kwa kufuli kabla ya kuitengeneza wengi mnaujua, lakini nataka uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu. Unazima kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha mashine. Unatia kufuli lako mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwako, na unaning'iniza kibao chenye jina lako na namba ya simu. Kisha unabonyeza kitufe cha kuwashia, uhakikishe kwamba haiwaki. Mkiwa mafundi wanne, kufuli ni nne, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe la kwake. Hapo bado hujamaliza, maana kuzima umeme hakuondoi mvuke uliomo bombani, hewa iliyoshindiliwa kwenye tangi la kompresa, wala amonia ya vyumba vya ubaridi, ambayo inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri na ikikupata usoni inaunguza macho na mapafu kwa pamoja. Hivyo vyote vinatolewa kwanza, polepole, kwa njia yake.

Kamati imenunua kufuli nyekundu, na kila aliyelipa ada atachukua lake leo mezani kwa Katibu. Mwajiri akilalamika kwamba kufuli linachelewesha uzalishaji, mkumbushe kwa heshima kwamba ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Akikusimamisha kazi kwa sababu hiyo, njoo siku hiyohiyo. Nalisema hili kwa niaba ya kamati nzima.

Kijana huyo alipofikishwa hospitali alipigwa eksirei, kisha akaingizwa chumba cha upasuaji. Vifaa vilivyotumika kumshona vilitoka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ambayo mpira wa mlango wake ulikuwa umebadilishwa muda mfupi kabla na mwanachama wa chama hiki. Mpira huo ukivuja, mvuke haufikii nyuzi 121 wala kudumu hapo kwa muda unaotakiwa, na vifaa vinatoka vya moto kabisa lakini bado vina vijidudu hai. Kwa miaka mingi mafundi wa vifaa tiba na mafundi wa viwandani tumekuwa tukikaa pande mbili za ukumbi huu kama wageni wa harusi. Naomba tuache. Anayejua beringi ya kompresa ya barafu anaijua pia kompresa ya konsentreta ya oksijeni, ile mashine inayompatia mgonjwa oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida.

Hizo konsentreta nataka kuzisemea kidogo, kwa sababu ndizo zilizotushughulisha kuliko kifaa kingine chochote mwaka huu. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21 hivi. Mashine inaishindilia hewa hiyo kwenye mitungi miwili yenye punje za zeolaiti. Punje zinaikamata naitrojeni, oksijeni inapita, na mitungi inapokezana kila baada ya sekunde chache. Zeolaiti haipendi unyevu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Tulipofungua moja iliyokuwa wodi ya watoto, chujio la nyuma lilikuwa limezibwa na vumbi pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama wingu la moshi, wamegandamana hadi hewa haipiti. Mashine ilikuwa ikinguruma vizuri. Mapovu yalikuwa yakitoka kwenye chupa ya maji. Tulipopima, oksijeni ilikuwa chini sana ya asilimia 82 ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isishuke. Mzazi anayaona mapovu na kuamini kwamba mwanawe anapata pumzi. Chujio hilo huoshwa kwa maji na sabuni, likaushwe, lirudishwe. Hakuna spea iliyohitajika.

Kwa hiyo ninapowaambia wenye hospitali watenge fedha za matengenezo kinga siku ileile wanayonunua mashine, siwaombei mafundi riziki. Kuna mashine zinazozeeka hata zikifungiwa chumbani. Chanzo cha kobalti-60 kinachotumika kutibu saratani kwa mionzi hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, itumike isitumike. Mgonjwa aliyekuwa akimulikwa dakika 2 atahitaji dakika 4 kwa dozi ileile, na foleni nje inaongezeka hivyohivyo. Kununua bila kupanga lini chanzo kitabadilishwa na kwa fedha gani ni kuwaahidi watu wa Kanda ya Ziwa tiba yenye tarehe ya kwisha.

Afya yetu wenyewe tumeidharau. Welda wangapi humu ndani wanakunywa maziwa jioni wakiamini yanasafisha kifua? Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chomelea mahali penye hewa, weka feni ivute moshi kutoka usoni pako, na ukiingia ndani ya tangi la meli usiingie bila mwenzako kusimama mlangoni. Kwa wenzetu wa viwanda vya kuchambua pamba na vya mbao ni masikio: kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8, na wataalamu wengi wanaukata muda huo nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Wazee wetu kadhaa waliostaafu hawasikii tena wajukuu wakiwaamkia. Vizibo vya masikio viko mezani pamoja na kufuli.

Mbele yenu kuna hoja mbili. Ya kwanza, kila mwanachama wa kiwandani ashinde angalau siku moja kwa mwaka na fundi wa vifaa tiba, naye wa hospitali afanye vivyo hivyo kiwandani. Ya pili, sehemu ya ada iende kwenye mfuko wa mwanachama aliyeumia kazini, kwanza kabisa kijana wetu huyu, ambaye ameniambia anataka kurudi kazini na kujifunza kutengeneza mashine za eksirei. Katibu atasoma maneno ya kila hoja, kisha tutapiga kura ya wazi kabla ya chai.